Pembe, Beni na Fanfari: Historia ya Kipulizio cha Tromboni Kuelekea Ubwari

Kipulizio cha tromboni ni kipande cha shaba chenye urefu wa sentimita nane hivi. Mkia wake huchomekwa kwenye bomba la ala, na mdomo wake mpana hukaa juu ya midomo ya mpigaji. Tromboni nzima, pamoja na mkono wake wa kuvuta, kazi yake ni kuikuza sauti na kuipa kimo. Sauti yenyewe huzaliwa ndani ya kikombe kidogo cha kipulizio, midomo inapotetemeka kwa nguvu ya pumzi. Kipulizio kina sehemu tano: ukingo unaogusa midomo, kikombe kinachopokea pumzi, koo jembamba chini ya kikombe, njia ya pumzi inayopanuka taratibu baada ya koo, na mkia unaoingia kwenye ala. Tofauti ya nusu milimita katika mojawapo ya sehemu hizo huhisiwa na mpigaji. Kwa wapigaji wa fanfari, yaani bendi za shaba, za Fizi, Baraka na vijiji vya rasi ya Ubwari, mashariki mwa Kongo, kipande hiki kina umuhimu wa pekee, kwa kuwa mara nyingi ala yenyewe huwa mali ya kanisa au ya shule, na kipulizio ndicho pekee mpigaji anachoweza kujichagulia.

Kabla ya shaba ya Ulaya, ukanda huu ulijua kupuliza pembe. Burton na Speke walipopita Ubwari mwezi Aprili 1858 wakitoka Ujiji kuelekea Uvira, walidhani rasi hiyo ni kisiwa. Wakati huo pembe za ndovu kutoka magharibi ya ziwa Tanganyika zilikuwa zikivushwa kwenda Ujiji, kisha Tabora, na hatimaye Bagamoyo na Unguja. Pembe chache zilibaki bara na kufanywa ala. Katika sehemu kubwa ya Kongo, pembe ya ndovu au ya swala haipulizwi kwenye ncha yake bali ubavuni. Fundi hutoboa tundu la mviringo au la pembe nne karibu na ncha, hulainisha kingo zake, na mpigaji huweka midomo moja kwa moja juu ya tundu hilo. Rwanda na Uganda zilikuwa na makondere yaliyopulizwa kwa namna hiyohiyo, kila mtu akitoa sauti yake moja kwa zamu, mpaka wimbo mzima ukaundwa na kundi.

Pwani, kazi kubwa kuliko zote za aina hii ni siwa. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, yenye urefu unaozidi mita mbili, na siwa ya shaba ya Lamu, iliyosubiwa kwa kalibu ya nta, zote mbili zina tundu ubavuni. Zilipulizwa katika harusi na tohara za nyumba kubwa na katika kutawazwa kwa watawala. Shaba ya siwa ya Lamu inafaa kuangaliwa kwa makini, maana inaonyesha kwamba mafundi wa Uswahilini waliweza kusubu bomba la shaba lenye nakshi karne kadhaa kabla ya bendi za Wazungu kufika. Ambacho hawakukifanya, kwa kuwa hawakukihitaji, ni kuitenga sehemu ya kupulizia na mwili wa ala.

Hapo ndipo pembe na tromboni zinapoachana. Tundu la siwa limekatwa mara moja tu, na vizazi vyote vya wapigaji vimepaswa kuizoesha midomo yao kwa tundu hilo. Kipulizio cha kuchomeka kinageuza uhusiano huo: ala ni ya kundi, kipulizio ni cha mtu. Mpigaji anaweza kuhama kutoka tromboni moja hadi nyingine bila kubadili mguso wa midomo yake.

Tromboni ilipata umbo lake Ulaya katikati ya karne ya 15. Nuremberg, Ujerumani, ulikuwa mji wa mafundi wake mashuhuri, wakiwemo wa koo za Neuschel na Schnitzer. Tromboni ya zamani kuliko zote zilizosalia ilitengenezwa na Erasmus Schnitzer mwaka 1551, na bado ipo katika mji huohuo. Vipulizio vya enzi hiyo vilikuwa na ukingo bapa, kikombe cha duara kama bakuli, na koo lenye kingo kali mahali kikombe kinapoishia. Kingo hizo kali zilifanya mwanzo wa kila noti usikike wazi bila kelele, jambo lililofaa ala iliyoandamana na waimbaji kanisani. Mafundi wa karne ya 19 walizilainisha. Wafaransa walipenda kikombe chenye umbo la faneli kinachoshuka moja kwa moja hadi kooni, kwa sauti laini na nyembamba. Wajerumani walipanua kikombe na bomba pia, kwa sauti nene. Maumbo haya mawili, faneli na bakuli, bado ndiyo miisho miwili ambayo vipulizio vyote vya leo vinasimama kati yake.

Kanisa lililoipenda tromboni kuliko mengine yote ni la Moravian. Tangu karne ya 18 jumuiya zake zilikuwa na makundi ya tromboni tupu, na lile la Bethlehem, Pennsylvania, lilianza mwaka 1754. Makundi hayo yalitangaza vifo vya waumini na kuamsha watu alfajiri ya Pasaka. Yalikuwa na tromboni za sauti nne, kutoka ya juu hadi besi, na kila moja ilihitaji kipulizio cha kipimo chake. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1898 walipokea kituo cha Urambo, magharibi ya Tabora, kutoka Jumuiya ya Misheni ya London. Walutheri nao walileta utamaduni wa Kijerumani wa vikundi vya tarumbeta vya kanisa, ambao umekita mizizi kaskazini mwa Tanzania. Baadaye Wamoravian walivuka ziwa, na leo wana sharika mashariki mwa Kongo.

Upande wa magharibi wa ziwa, historia ilikwenda njia nyingine. Mapadri Weupe walijaribu kukaa Massanze kuanzia 1880, kisha wakafungua Kibanga, kwenye ghuba ya Burton, mwaka 1883. Jeshi la Dola Huru ya Kongo, Force Publique, lililoundwa katika miaka hiyohiyo ya 1880, liliamuru askari wake kwa tarumbeta fupi ya kijeshi isiyo na pistoni. Kwa watu wengi wa mashariki ya Kongo, kipulizio chake ndicho kilikuwa cha kwanza cha shaba kuonekana: kidogo, kirefu ndani, chenye ukingo mwembamba, kilichotengenezwa kutoa noti tano au sita tu za amri. Fanfari kamili zenye tromboni zilifuata baadaye katika miji ya jeshi na ya migodi.

Kilichoifanya ala ya shaba iwe ngoma ya watu si jeshi wala misheni. Ni beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zikiwa vitovu vyake, ambapo vyama vya mashindano kama Kingi na Scotchi viliandaa maandamano ya sare, vyeo na matarumbeta. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani vyama vikuu viliitwa Marini na Arinoti. Vita Kuu ya 1914-1918 iliisambaza beni haraka, kwa kuwa askari na wapagazi waliokutanishwa na vita walirudi makwao wakiwa nayo. Februari 9, 1916, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilizamishwa katika ziwa Tanganyika. Mwezi Julai majeshi ya Wabelgiji yakaingia Kigoma, na Septemba 19 yakaichukua Tabora. Wabelgiji walibaki Kigoma na Ujiji hadi 1921. Kwa miaka mitano hiyo pwani zote mbili za sehemu ya kaskazini ya ziwa zilikuwa chini ya bendera moja, na wasafiri wa mitumbwi kati ya Ujiji na Ubwari hawakuvuka mpaka wa dola. Katika miji ya migodi ya Katanga ngoma hii ilijulikana kama mbeni.

Beni ilipofika mbali na pwani, shaba ilipungua. Ala zilikuwa ghali, na vipulizio vilipopotea havikupatikana tena. Kandokando ya ziwa Nyasa, wachezaji wa malipenga na mganda walitatua jambo hilo kwa vibuyu. Walikata kibuyu mfano wa tarumbeta au tromboni, wakatoboa tundu ubavuni na kulifunika kwa utando mwembamba wa buibui, kisha wakaimba ndani yake. Utando hutetemeka na kuipa sauti ukali wa shaba. Mbinu hii ina werevu mkubwa, nayo inaeleza vizuri kipulizio ni nini kwa kuonyesha namna ya kukikwepa. Kibuyu hakidai midomo iliyozoezwa. Kinadai koo la kuimba tu. Kundi zima linaweza kujifunza kwa siku chache, wakati mpiga tromboni huhitaji miezi ili midomo yake ishike noti moja bila kutetereka.

Ala za shaba zilizoingia Kongo na zile zilizoingia Kenya, Uganda na Tanganyika hazikufanana. Ubelgiji ilikuwa na viwanda vyake, kikiwemo cha ukoo wa Mahillon wa Brussels, na bendi zake zilitumia sana tromboni ya pistoni, ambayo ni rahisi kupiga katika maandamano kuliko ya kuvuta. Bendi za jeshi la kikoloni la Uingereza, KAR (King's African Rifles), zilifuata desturi ya Uingereza: tromboni zenye bomba jembamba sana, na tromboni ya besi ya kimo cha G yenye mpini wa kufikia mbali. Bomba jembamba lilidai kipulizio kidogo chenye mkia mwembamba. Uingereza iliacha mtindo huo polepole kuanzia miaka ya 1950, ilipopokea tromboni pana za Kimarekani. Kwa hiyo vipulizio vya zamani vinavyopatikana hadi leo katika makabati ya bendi za Afrika ya Mashariki na Kati vimetoka katika familia mbili au tatu zisizoafikiana, na mpigaji anayeviokota vyote kama ndugu hujitafutia tabu.

Makanisa ndiyo yaliyoitunza fanfari baada ya ukoloni. Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka 1921, Tanganyika mwaka 1933 na Kongo mwaka 1934, likiwa na bendi za shaba kama sehemu ya ibada. Lilikuwa hata na kiwanda chake cha ala huko St Albans, Uingereza, hadi 1972. Lakini kwa Kongo, kanisa la fanfari ni la Kimbangu. Simon Kimbangu alianza huduma Nkamba mwezi Aprili 1921, akahukumiwa kifo Oktoba ya mwaka huohuo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na akafia gerezani Elisabethville Oktoba 12, 1951. Wafuasi wake kwa maelfu walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa katika mikoa ya mbali, na kanisa lilitambuliwa rasmi Desemba 24, 1959. Fanfari yake, inayojulikana kwa kifupi kama FAKI, huandamana kwa sare za kijani na nyeupe, rangi za kanisa hilo. Vijana wengi wa Kikongo wamejifunza tromboni katika fanfari hiyo bila kulipa ada ya shule ya muziki. Orkestra ya Kimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilikua kutokana na jumuiya hiyohiyo.

Mwaka 1960, miezi michache baada ya uhuru wa Kongo, mpiga tarumbeta Louis Armstrong alipiga muziki Léopoldville na Elisabethville. Pembeni yake alikuwa Trummy Young, mpiga tromboni wa bendi yake tangu 1952 hadi 1964. Watu walimkumbuka Armstrong kwa tarumbeta na sauti yake. Wapigaji wa shaba wana sababu nyingine ya kumkumbuka: midomo yake ilikuwa na makovu. Kwa miaka mingi aliikandamiza kwa nguvu dhidi ya ukingo wa kipulizio ili kufikia noti za juu, hadi msuli wa mdomo ukaumia, na madaktari leo huuita uharibifu wa aina hiyo kwa jina lake la utani, Satchmo. Ukingo mwembamba na shinikizo kubwa ni jozi hatari, na hakuna kipulizio kitakachomwokoa anayesukuma ala usoni badala ya kusukuma pumzi.

Utaratibu wa namba unaotumika leo ulianzia kwa mtu mmoja. Vincent Bach, mpiga tarumbeta aliyezaliwa karibu na Vienna mwaka 1890 na kuhamia Marekani mwaka 1914, aliharibiwa kipulizio chake na fundi. Akanunua kerezo na kuanza kujikerezea mwenyewe, na kufikia 1918 alikuwa akiwauzia wenzake mjini New York. Ubunifu wake mkubwa ulikuwa katika kunakili: kipulizio alichokiuza leo kilifanana na alichokiuza mwaka uliopita, jambo ambalo mafundi wa kabla yake hawakuweza kuliahidi. Aliviandika kwa namba na herufi. Namba inapopungua, kikombe hupanuka: 12C ni chembamba, chini ya milimita 25 kati ya kingo, 6½AL ina kama milimita 25.4, 5G inazidi kidogo hapo, na 1½G ni ya tromboni ya besi, yenye milimita 27 hivi. Herufi huashiria kina cha kikombe, na G huonyesha kipulizio chenye kikombe kirefu kilichokusudiwa ala pana.

Watengenezaji wengine hawakufuata njia hiyo. Kampuni ya Yamaha ya Japani huongeza namba kadiri kikombe kinavyopanuka, hivyo 48 yake iko karibu na 6½AL ya Bach na 51 iko karibu na 5G. Denis Wick, mpiga tromboni mkuu wa London Symphony Orchestra kuanzia 1957 hadi 1988, alianzisha mfululizo wake ambao herufi ya mwisho husema ukubwa wa mkia: S kwa mwembamba, L kwa mnene. Kati ya taratibu zote, huu wa Wick ndio unaomsaidia zaidi mpigaji wa mbali na duka, kwa sababu unamjibu swali la kwanza kabla ya mengine.

Swali hilo la kwanza ni la mkia. Tromboni nyembamba, zenye kipenyo cha ndani cha milimita 12.2 hadi 13.3 hivi, hupokea mkia mwembamba. Tromboni pana za orkestra na za besi, zenye milimita 13.9 na zaidi, hupokea mkia mnene. Upo pia mkia wa kati, uliotumika katika baadhi ya ala za Ulaya, hasa yufoniamu za zamani. Tofauti ya macho ni ndogo sana, haizidi milimita mbili, na ndiyo maana makosa hutokea kila ala za msaada zinapofika kutoka Ulaya zikiwa zimekusanywa kutoka nyumba nyingi. Mkia mwembamba katika bomba pana huzama ndani mno, hutikisika, huvujisha pumzi, na huipandisha ala juu ya kimo cha wenzake. Kuuzungushia karatasi au uzi huzuia kutikisika, lakini hakurudishi njia ya pumzi. Dawa yake ni kishikizo cha shaba kilichokerezwa kwa kipimo. Mkia mnene katika bomba jembamba hauingii. Anayeulazimisha kwa nyundo hupasua bomba la mwanzo, na hapo tromboni nzima imekwisha. Mkia uliokaa sawa huingia sentimita mbili na nusu hivi, hushikamana kwa kuzungushwa kidogo, na hutoka kwa mkono mmoja.

Baada ya mkia, linalofuata ni ukingo, kwa kuwa ndio mpigaji anaoujua kwa ngozi. Ukingo mpana na wa duara hugawa shinikizo na kustahimili saa nyingi za maandamano, ila hupunguza wepesi wa kuruka kutoka noti ya chini hadi ya juu. Ukingo mwembamba wenye ncha hutoa wepesi huo na kumchosha asiye na mazoezi. Kwa fanfari inayotembea kilomita kadhaa jua likiwa kali, ukingo wa wastani unaoegemea upana ndio wa busara. Upana wa kikombe huamua eneo la midomo linalotetemeka: kikombe chembamba husaidia noti za juu na kuchelewesha uchovu, kikombe kipana hunenepesha sauti na kufungua noti za chini. Kina chake kina athari kubwa zaidi katika rangi ya sauti. Kikombe kifupi hutoa sauti angavu inayofika mbali uwanjani, kikombe kirefu hutoa sauti ya giza inayokaa vizuri na waimbaji ndani ya kanisa. Koo, ambalo kwa kawaida lina milimita 6 hadi 8, hupima pumzi: likiwa jembamba mno ala hukwama inapopigwa kwa nguvu, likiwa pana mno mpigaji huishiwa pumzi kabla mstari wa wimbo haujaisha.

Dhana moja imewadhuru wapigaji wengi wa Afrika na inastahili kukanushwa waziwazi. Walimu wengi wa zamani wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba midomo myembamba ni ya tarumbeta na midomo minene ni ya tuba, na kwamba mwenye midomo minene anahitaji daima kipulizio kikubwa. Si kweli. Trummy Young na J. J. Johnson, aliyeifanya tromboni iende kwa kasi ya tarumbeta katika jazi ya miaka ya 1940, wangetosha kuwa ushahidi. Kinachotetemeka ni sehemu ndogo ya ndani ya midomo, na upangaji wa meno pamoja na namna mpigaji anavyobana pembe za mdomo vina uzito kuliko unene unaoonekana nje. Mwanafunzi hapaswi kupelekwa kwenye besi kwa kutazamwa uso. Apewe kipulizio cha kati na asikilizwe.

Ukaguzi wa kipulizio kilichotumika hauhitaji chombo cha gharama. Kikilazwa juu ya meza iliyo sawa na kuviringishwa, mkia uliopinda hujionyesha kwa kurukaruka. Ncha ya mkia huwa ya kwanza kuumia kipulizio kinapoanguka, na ncha iliyobonyea huziba pumzi hata kama kikombe ni kizima. Fundi huinyoosha kwa msumari wa chuma uliochongwa kwa mteremko uleule, akigonga kidogokidogo kwa nyundo ya mbao. Kidole kikipitishwa ukingoni kwa mzunguko kamili hugundua mikwaruzo ambayo jicho haliioni. Kipulizio kikielekezwa kwenye mwanga, koo lake lionekane duara safi, lisilo na ukoko wa mate uliokauka.

Mahali tabaka la fedha la juu limemenyeka na shaba ya njano kuwa wazi, kutu ya kijani huota. Midomo haipaswi kuigusa, na shaba nyingi za zamani zina risasi kidogo ndani yake. Wapigaji wengine huwashwa na nikeli. Vipulizio vya plastiki vimepunguza matatizo hayo: havioti kutu, havichomi midomo vikiachwa juani, wala havina baridi alfajiri. Tromboni ya plastiki ya pBone, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010 na yenye uzito wa gramu 800 hivi, huja na kipulizio cha kipimo cha 6½AL. Sauti ya kipulizio cha plastiki haina kiini kama ya shaba, lakini kwa mwanafunzi, na kwa maandamano ya barabarani, inatosha kabisa.

Kulinganisha vipulizio viwili kunataka ala moja, mpigaji mmoja na wimbo mmoja. Dakika ya kwanza hudanganya, kwani kila kipya huonekana bora. Mpigaji hupiga noti ndefu za katikati, kisha huteremka na kupanda taratibu bila kukata pumzi, kisha hurudia wimbo wa ibada kwa sauti ndogo. Baada ya nusu saa midomo huanza kusema ukweli. Msikilizaji asimame mbali, nje ya ukumbi, kwa sababu sauti nene inayompendeza mpigaji mwenyewe mara nyingi haifiki mlangoni. Kipulizio kinachofanya noti za juu ziwe rahisi huku zile za kati zikikonda hakifai mtu wa fanfari, ambaye kazi yake karibu yote iko katikati.

Kipulizio huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa brashi ndogo inayopita hadi mwisho wa mkia. Kikinasa kwenye bomba, koleo na jiliwa ni marufuku: hupinda bomba na mkia pamoja. Kuna kifaa maalumu cha kuking'oa, na bendi kumi zikichanga zinaweza kumiliki kimoja.

Uasi wa 1964-1965, ambao Baraka na milima ya Fizi zilikuwa ngome zake, na vita vilivyoanza 1996, vilivunja shule na misheni na kuwavusha watu kwa maelfu hadi Kigoma, wengi wao wakaishia kambi ya Nyarugusu. Tromboni ni vigumu kukimbia nayo; kipulizio huingia mfukoni, na mwenye nacho huweza kuanza tena siku anapopewa ala yoyote inayolingana na mkia wake. Hilo linatosha kuonyesha mahali pa kuweka fedha ya kwanza. Fanfari yenye tromboni nyembamba za kawaida inapaswa kumnunulia kila mpigaji kipulizio chake cha mkia mwembamba, cha kipimo kilicho karibu na 6½AL, chenye fedha isiyomenyeka. Tromboni moja nene ya besi ipewe cha mkia mnene cha 1½G au kinachokaribiana nacho. Namba nyingine zisubiri mpaka mpigaji awe na miaka miwili au mitatu ya kazi na aweze kueleza mwenyewe anachokosa.